Si Kila Atetemekaye Ni Mlevi

Somo letu la juma hili tutalianza kwa mfano. Mtu tutakayemtaja si fulani wala fulani. Lakini wenyeji wa Nyarugusu na wa machimbo yote ya Geita watamtambua, kwa kuwa wamewaona wa namna yake. (Tunasema Nyarugusu ya wachimbaji wa dhahabu katika Wilaya ya Geita, si kambi ya wakimbizi yenye jina hilohilo huko Kasulu, mkoani Kigoma.)

Baba huyu ana umri wa miaka arobaini. Tangu ujana wake kazi yake ni kuchoma dhahabu. Siku ya Dominika hupanga mstari pamoja na wenzake kwenda kupokea Komunyo, na anaponyosha mikono yake, inatetemeka. Kikombe cha chai hawezi tena kukishika kwa mkono mmoja. Majina ya watoto wa jirani yanampotea. Usiku hapati usingizi, na mchana hukasirika kwa jambo dogo. Kisha huona haya, akajitenga. Walioketi katika mabenchi ya nyuma wananong'onezana: "Leo naye amekuja amelewa." Jumuiya yake ilikuwa imemkabidhi daftari la fedha, sasa wamemnyang'anya. Ndugu zake wanasema amerogwa, nao wanataka kumpeleka kwa mpiga ramli ili watajiwe aliyemroga. Na yeye mwenyewe, ambaye hajaonja pombe mwaka mzima, ameacha kuja kanisani, kwa sababu amechoka kutazamwa.

Watu hao wote wameona kweli mkono ukitetemeka. Macho yao hayakuwadanganya. Kosa lao ni kwamba walitoa hukumu kabla ya kuuliza sababu. Basi leo tutazame mambo mawili: kwanza, sababu ambayo hawakuiuliza, pili, wajibu wa Mkristo mbele ya mateso asiyoyafahamu.

Sumu isiyomwonya mtu

Zebaki ni metali iliyo majimaji, yenye rangi ya fedha. Mchimbaji mdogo huitumia kwa kuwa inashika dhahabu. Mawe yakiisha kusagwa katika karasha, na mchanga wake kuoshwa, ule mchanga mzito uliobaki hutiwa ndani ya karai pamoja na maji na zebaki, ukavurugwa, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki huzikusanya punje za dhahabu zikawa donge moja. Donge hilo hukamuliwa katika kitambaa, kisha huwekwa motoni. Zebaki hugeuka kuwa mvuke ikaenda zake, dhahabu hubaki.

Lakini zebaki hiyo haikuenda mbali. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, wala haumwonyi mtu kama moshi wa kuni umwonyavyo kwa kumkohoza. Mtu akiuvuta, karibu asilimia 80 yake hubaki mwilini. Huingia katika damu, ukafika kwenye ubongo na kwenye figo. Kwa mama mjamzito hupita hata ukamfikia mtoto aliye tumboni. Mara nyingi haumwangushi mtu siku ileile. Humlimbikizia madhara mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, hata siku moja mkono unaanza kutetemeka, miguu inapoteza uthabiti wake, kumbukumbu inapungua, usingizi unakimbia, na tabia ya mtu inageuka: aliyekuwa mpole anakuwa mwenye hasira, na aliyekuwa mchangamfu anakuwa mwenye haya na woga.

Tuliangalie vizuri jambo hilo la mwisho, kwa maana ndilo linalowapotosha wengi. Sumu hii hugusa hata namna ya mtu ya kusema na wenzake. Basi mgonjwa huonekana kama mtu aliyeharibika tabia, hali ameharibiwa neva. Mke hulalamika kwamba mumewe amebadilika, naye asema kweli; ila aliyembadilisha si mwanamke mwingine wala jini, bali kazi inayowalisha. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Tena wako wanaolichoma donge hilo jikoni, juu ya mafiga yaleyale ya kupikia ugali, watoto wakiwa wameketi kando.

Yaliyoonekana Rwamagasa

Haya si maneno ya kubuni. Jirani na Nyarugusu kuna machimbo ya Rwamagasa. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa liliendesha mradi juu ya zebaki katika nchi kadhaa, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Mwaka 2003 madaktari waliwapima watu wa Rwamagasa: damu, mkojo na nywele. Waliwatazama jinsi wanavyotembea, jinsi wanavyogusa pua kwa ncha ya kidole, na jinsi mikono inavyotulia ikinyoshwa. Wakawapima pia watu wa Katoro, wasiofanya kazi hiyo, ili wapate kulinganisha. Ikaonekana kwamba karibu robo ya wachomaji wa dhahabu waliopimwa walikuwa wameingiwa na sumu ya zebaki. Na katika wale wa Katoro hakuonekana hata mmoja.

Ndugu msomaji, fikiri maana yake. Ukiwapanga wachomaji wanne mbele yako, huenda mmoja wao anaugua ugonjwa huu. Na huyo mmoja huenda ndiye yule tuliyemwita mlevi.

Hatusemi kwamba kila mkono unaotetemeka umetetemeshwa na zebaki. Uko mtetemeko wa uzee, uko wa homa, uko wa ugonjwa wa tezi, na uko kweli wa pombe. Ndiyo sababu daktari mwenye busara huuliza kwanza juu ya hayo yote, kisha hupeleka mkojo maabara. Kama yeye aliyesoma miaka mingi hathubutu kutamka kabla ya kupima, sisi tulioketi katika benchi la nyuma tumepata wapi ujasiri huo?

Kutoelewa si kwetu tu

Tusijidharau tukadhani kwamba kosa hili ni la watu wa machimbo peke yao. Zamani watengenezaji wa kofia huko Uingereza na Marekani walitumia zebaki kuandaa manyoya. Mikono yao ikatetemeka, wakawa na haya na hofu nyingi, na watu wakawafanya mzaha. Katika mji wa Danbury, Marekani, mtetemeko huo ulipewa jina la mji wenyewe, kana kwamba ni desturi ya mahali. Na zebaki haikukomeshwa katika kazi hiyo nchini humo mpaka mwaka 1941.

Habari ya Japani ni nzito zaidi. Tarehe 1 Mei 1956, daktari Hosokawa Hajime wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, katika mji wa Minamata, alipeleka taarifa kwamba kuna ugonjwa wa neva usiojulikana. Watoto na wazee walikuwa wakishindwa kutembea na kusema. Hata paka wa wavuvi walikuwa wakirukaruka kama wenye wazimu na kufa. Majirani wakadhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Wagonjwa wakatengwa, na jamaa zao wakakimbiwa. Baadaye, fidia ilipoanza kuzungumzwa, wengine wakashutumiwa kwamba wanajifanya wagonjwa ili wapate fedha. Kumbe kiwanda kilikuwa kikimwaga baharini zebaki ya aina iingiayo katika samaki, na watu wakawala samaki hao. Serikali ya Japani haikutamka rasmi sababu hiyo mpaka mwaka 1968. Kwa miaka kumi na miwili maskini wale walibeba mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na aibu ya kutoaminiwa.

Zebaki ya Minamata iliingia kwa chakula, na ya mchomaji wa Nyarugusu huingia kwa pumzi. Lakini aibu ni ileile. Kwa jina la mji huo mataifa yaliandika Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo wengi zichukue hatua kukomesha uchomaji wa wazi wa donge la zebaki, na hasa uchomaji katika makazi ya watu.

Macho mekundu

Hapa kwetu Usukumani iko habari nyingine iliyo ndugu ya hii, nayo imemwaga damu. Bibi mzee amepika miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, akitumia kuni mbichi, na kuni zikikosekana, samadi kavu ya ng'ombe. Moshi umeyachoma macho yake hata yamekuwa mekundu. Mtoto anakufa kwa malaria katika boma la jirani. Mpiga ramli anaulizwa, naye anataja mzee mwenye macho mekundu. Ni wanawake wangapi wa Shinyanga, Mwanza na Geita waliokatwa kwa panga usiku kwa ushahidi wa namna hiyo, Mungu anawajua.

Tazameni jinsi njia ilivyo moja. Moshi au mvuke unaharibu mwili wa mtu. Mwili unaonyesha alama. Na jirani anaigeuza alama ya ugonjwa kuwa alama ya dhambi. Mkono unatetemeka, basi ni mlevi. Macho ni mekundu, basi ni mchawi. Aliyeumizwa mara moja na kazi yake anaumizwa mara ya pili na watu wake. Anayeanza kwa kunong'ona kanisani asidhani kwamba yuko mbali na yule aliyeshika panga. Njia ni ileile. Mmoja ameishika mwanzo, mwingine ameifikisha mwisho.

Wale wasiovumilia harufu

Wako na wengine ambao mateso yao yanaaminiwa kwa shida zaidi. Mwaka 1987 daktari Mark Cullen wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alieleza habari za wafanyakazi waliokwisha kupatwa na kemikali, ambao baadaye waliugua kwa vitu vingi vidogo visivyowadhuru wenzao: harufu ya rangi mbichi, ya manukato, ya dawa ya wadudu, ya sabuni. Kichwa kinauma, pumzi inabana, moyo unakwenda mbio. Juu ya chanzo chake wataalamu wangali wanabishana, na hakuna kipimo kimoja cha maabara cha kuuthibitisha ugonjwa huo, kama kilivyopo cha zebaki. Basi tusiyachanganye magonjwa haya mawili. Lakini kukosekana kwa kipimo si kukosekana kwa maumivu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Yawezekana parokiani kwako yuko mama ambaye ubani ukianza kufuka hutoka akaenda kusimama chini ya mwembe. Umemwita mwenye maringo, au umesema kwamba pepo wake wanaogopa ubani? Je, umewahi kumwuliza?

Amri ya nane

Katekisimu yatufundisha kwamba amri ya nane haikatazi tu kusema uongo mbele ya hakimu. Yakataza pia kuwaza mabaya juu ya jirani bila sababu ya kutosha. Na hiyo ndiyo hukumu ya harakaharaka. Mtu aweza kuivunja amri hii akiwa amenyamaza, amepiga magoti, tasbihi mkononi.

Kitabu cha kwanza cha Samweli chatupatia mfano ambao sisi mapadre tungefaa kuusoma mara nyingi. Hana, mke wa Elkana, alikuwa akisali hekaluni kwa uchungu, midomo yake ikicheza bila sauti. Eli alikuwa kuhani, mtu wa Mungu, naye alikuwa ameketi karibu kabisa. Lakini alimdhania kuwa amelewa, akamkemea. Hana akajibu kwa unyenyekevu kwamba hakunywa kitu, bali anaimimina roho yake mbele ya Bwana. Hapo Eli alifanya jambo jema ambalo wengi wetu hatulifanyi: alilipokea jibu, akaacha shutuma yake, akambariki.

Nao mitume walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Bwana wetu Yesu Kristu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili, kisha akamponya. Tusilisahau jibu hilo. Palipo na mgonjwa, swali la kwanza la Mkristo si "amekosa nini?" bali "nimsaidieje?" Na tukiisha kujua kwamba mtu ni mlevi kweli, hata hapo upendo haujatuondokea, huyo naye ni mgonjwa wetu.

Tufanye nini?

Kwanza, wewe uliye mchomaji. Usichome donge ndani ya nyumba wala karibu na watoto. Kiko chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba, ambacho huunasa mvuke na kuirudisha zebaki iwe majimaji tena. Kikitumiwa vizuri huzuia sehemu kubwa ya mvuke, na zebaki yako haipotei bure. Usikifungue kikiwa cha moto. Zebaki usiishike kwa mikono mitupu. Nguo za kazi zisilale pamoja na nguo za watoto. Ukiona mkono unatetemeka au usingizi umekukimbia, nenda kituo cha afya, na umwambie mganga waziwazi: "Mimi nachoma dhahabu kwa zebaki." Usipomwambia, atakutibu malaria. Dawa ya kwanza ni kuiacha zebaki. Mwili wenyewe huanza kuitoa polepole, na kila siku uliyokaa mbali nayo ni faida, ijapokuwa ubongo ulioumia sana huenda usirudi kama zamani.

Pili, ninyi wazazi. Mwaka 2013 shirika la kutetea haki la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, wakiwemo wa Geita na Shinyanga. Ilionekana kwamba hata watoto wa miaka minane walikuwa wakifanya kazi machimboni, na kwamba wako watoto wanaoshika zebaki. Ubongo wa mtoto ungali unajengwa, na sumu humdhuru kuliko mtu mzima. Elfu chache anazoleta jioni hazitoshi kununua akili iliyopotea.

Tatu, ninyi viongozi wa jumuiya na makatekista. Msimvue mtu wajibu wake kwa minong'ono. Mwiteni faraghani, mwulizeni afya yake, na mmoja wenu amsindikize hospitali. Anayetetemeka apelekewe Komunyo mahali alipoketi, bila kutangazwa. Asiyevumilia ubani awekewe nafasi karibu na mlango, na asiulizwe kila Dominika. Hayo hayagharimu hata senti moja.

Nne, sisi sote. Tusimpe mpiga ramli nafasi ya kusema mahali ambapo mganga hajasema. Ramli humtafutia mgonjwa adui. Maabara humtafutia sababu. Ya kwanza humaliza kwa kugawa ukoo, ya pili huweza kumwokoa mtu.

Tena tukumbuke kwamba huyu mchomaji hakuchagua sumu kwa kupenda. Alichagua ada ya shule, bati la nyumba, na chakula cha jioni. Dhahabu iliyomtetemesha imekwenda mbali, na labda ni pete katika kidole cha bibi arusi fulani duniani. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliitaja zebaki ya machimbo ya dhahabu miongoni mwa madhara wanayobaki nayo watu wa nchi maskini wakati wengine wanapata faida. Basi deni hili si la Nyarugusu peke yake, na haifai aliyelipa kwa afya yake alipe pia kwa heshima yake.

Turudi kwa yule baba wa mfano wetu. Dominika ijayo nafasi yake katika benchi itakuwa wazi tena. Atakayetoka kanisani akapita nyumbani kwake, akaketi, akapokea kikombe cha chai kutoka kwa mkono ule unaotetemeka bila kutazama chai inayomwagika, huyo atakuwa amelifahamu somo hili. Kisha amwambie maneno mawili: "Habari ya afya yako?" na, "Twende wote kwa daktari."